Thaddeus Stevens, Wakili wa Pennsylvania Aliyeingia Bungeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Abraham Lincoln anajulikana hata na mtoto wa darasa la sita. Thaddeus Stevens, mbunge aliyekuwa akimsukuma Lincoln kwa nyuma na kumsema kila alipochelewa, hupewa mstari mmoja tu vitabuni, na mara nyingi mstari wenyewe ni wa kumsimanga. Hapa tumejibu maswali ambayo watu huuliza wanapokutana na jina lake kwa mara ya kwanza, pamoja na machache ya wabishi.

Kwa kifupi, alikuwa nani?

Mwanasheria wa Marekani aliyezaliwa Danville, jimbo la Vermont, tarehe 4 Aprili 1792, na kufariki Washington usiku wa tarehe 11 Agosti 1868. Alifanya uwakili katika miji miwili ya Pennsylvania: kwanza Gettysburg, baadaye Lancaster. Alikaa katika bunge la jimbo hilo miaka ya 1830, kisha akaingia Bunge la Marekani kuanzia 1849 hadi 1853, na tena kuanzia 1859 mpaka alipokata roho. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi kutetea utumwa, ndiye aliyeongoza kamati ya mapato ya Baraza la Wawakilishi, ile iliyotafuta fedha za kuendeshea vita. Vita vilipokwisha, ndiye aliyeshika usukani wa kundi la wabunge wa Republican waliotaka watu weusi wa Kusini wapewe haki kamili, si kufunguliwa minyororo tu na kuachwa barabarani.

Ni kweli alizaliwa na ulemavu?

Ndiyo. Alizaliwa na kiguu, mguu mmoja umepinda, akachechemea maisha yake yote. Kaka yake alikuwa hivyo kwa miguu yote miwili, na kwa imani za enzi zile watu walinong'ona kwamba ni adhabu ya dhambi za wazazi. Baba, Joshua, mkulima aliyekuwa pia fundi viatu, aliitupa familia na hakurudi. Mama yao, Sally, alibaki na watoto wanne wa kiume na shamba lisilotosha. Alichofanya ni kuihamishia familia mji wa Peacham kwa sababu huko kulikuwa na shule ya maana. Mtoto ambaye hangeweza kushika plau sawasawa alitakiwa ashike kitabu. Thaddeus alihitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1814, na mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba chochote alichonacho kimetokana na mama yake.

Uwakili aliupataje?

Kwa kuzunguka mlango wa nyuma. Alikwenda York, Pennsylvania, akawa anafundisha shule mchana na kusoma sheria usiku chini ya wakili wa mji ule. Mawakili wenyeji wakapitisha azimio kwamba mtu anayesoma sheria huku akifanya kazi nyingine hatapokelewa. Kila mtu alijua azimio lile linamlenga nani. Stevens hakubishana nao. Mwaka 1816 alivuka mpaka hadi Bel Air, Maryland, akaomba atahiniwe huko. Inasimuliwa kwamba waliomtahini walitaka kwanza waone chupa za mvinyo wa Madeira mezani, na maswali yenyewe yakawa machache. Asubuhi yake aliondoka na cheti kilichomruhusu kufanya kazi hata Pennsylvania.

Hakufungua ofisi York. Alikwenda Gettysburg, ambako kwa miezi kadhaa wateja hawakumjia.

Ni kesi gani iliyomtoa?

Kesi aliyoshindwa. Mwaka 1817 alimtetea mkulima aliyekuwa amefungwa kwa deni na baadaye akamuua mmoja wa askari waliomkamata. Mkulima hakuokoka, lakini waliokuwa mahakamani walitoka wakizungumzia utetezi wa yule kijana mchechemeaji, na tangu siku hiyo hakukosa kazi. Kesi kumi za kwanza kutoka wilaya ya Adams zilizofika Mahakama Kuu ya jimbo baada ya yeye kuanza kazi, zote alihusika, na tisa alishinda.

Nimesoma kwamba aliwahi kumtetea mwenye watumwa. Si kashfa hiyo?

Si kashfa, ni ukweli, nao umo katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1821 mwanamke aliyeitwa Charity Butler alidai kwamba yeye na watoto wake ni watu huru. Hoja yake ilitoka kwenye sheria ya Pennsylvania ya 1780, iliyosema mtumwa akiletwa jimboni na kukaishwa miezi sita, amekuwa huru. Charity alikuwa amepelekwa Pennsylvania na kurudishwa Maryland, ambako utumwa ulikuwa halali, mara kadhaa. Ukizijumlisha siku zote alizokaa, miezi sita inatimia na kupita.

Stevens alikuwa upande wa mmiliki. Hoja yake ilikuwa fupi kama kisu cha kumenyea: sheria inasema miezi sita, haisemi siku za kujumlisha. Lazima ziwe za mfululizo. Mahakama ikakubali, na mama yule na watoto wake wakarudishwa utumwani.

Wapo wanaopenda kuiruka habari hii ili shujaa wao abaki msafi. Mimi naona ukiiruka humwelewi tena. Kisheria alikuwa sahihi, na ndiyo sababu inachoma. Alijionea kwa mkono wake mwenyewe kwamba sheria nzuri yenye tundu dogo inaweza kumtia mtu minyororo, na kwamba tundu lenyewe hutafutwa na wakili hodari anayelipwa. Miaka 45 baadaye, alipokuwa akibishania maneno ya katiba neno kwa neno, alikuwa akibishana kama mtu anayejua wakili wa upande wa pili atapenya wapi.

Basi aligeuka lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 4 Julai 1823, katika karamu ya sikukuu ya uhuru, aliinua glasi na kutaka rais ajaye awe mtu ambaye hajawahi kumfunga mwanadamu pingu za utumwa. Kwa wakili wa mji ulio jirani na mpaka wa Maryland, yale hayakuwa maneno ya kumletea wateja. Baadaye alizoea kuwatetea waliotoroka utumwani bila kutoza senti. Na katika mkutano wa kuandika upya katiba ya Pennsylvania, 1837 hadi 1838, wajumbe walipowanyang'anya watu weusi huru haki ya kupiga kura, alikataa kutia sahihi hati ile.

Siasa alianzia chama gani?

Chama cha kupinga Freemason, ambacho leo kinasikika kama kichekesho. Stevens aliwaona Wamasoni kama kundi la siri linalogawana vyeo na kulindana mahakamani, akaongoza uchunguzi bungeni dhidi yao ambao haukuzaa kitu. Kutoka hapo alipitia chama cha Whig, akaishia Republican kilipoanzishwa miaka ya 1850.

Kipindi hiki kina kisa kimoja cha kuchekesha. Desemba 1838, pande mbili mjini Harrisburg, makao makuu ya jimbo, ziligombea matokeo ya uchaguzi, kundi la watu wenye hasira likavamia bunge, na Stevens pamoja na wenzake wawili wakatoka kwa kuruka dirishani. Mtu wa kiguu, mwenye miaka 46, anaruka dirisha gizani. Maadui zake waliila habari hiyo kwa miaka mingi.

Alifanya nini kikubwa kabla ya kwenda Washington?

Aliziokoa shule. Pennsylvania ilikuwa imepitisha mwaka 1834 sheria ya elimu ya bure kwa watoto wote, na wenye mashamba wakaghadhibika kwa kodi iliyokuja nayo. Mwaka 1835 Seneti ya jimbo ilishapiga kura kuifuta. Ikabaki nyumba ya pili, ambako wengi walikuwa wametumwa na wapiga kura wao waimalizie. Tarehe 11 Aprili Stevens alisimama. Alisema mtu analipa bila kinyongo kodi ya kujenga jela na kuwalisha wahalifu, halafu analalamika kulipia kitu kitakachozuia watu wasifike huko jela. Alipoketi, wabunge waliokuja na kura ya kuifuta walikuwa wamegeuka, na sheria ikabaki.

Kwa nini alihamia Lancaster?

Madeni. Mwaka 1837 alikuwa ameanzisha tanuru la kuyeyushia chuma karibu na Chambersburg, akaliita Caledonia kwa jina la wilaya aliyozaliwa. Tanuru likala hela kuliko lilivyozaa. Alipohama mwaka 1842 alidaiwa zaidi ya dola 200,000, na Lancaster, mji mkubwa zaidi, ulikuwa na kesi za kutosha kuyapunguza.

Kiwanda chenyewe kilichomwa moto Juni 1863 na wanajeshi wa Kusini chini ya Jenerali Jubal Early, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, na walikichoma wakijua ni cha nani. Alipoletewa habari, Stevens aliuliza kama na madeni yameungua. Halafu akaanza kushughulikia familia za wafanyakazi waliobaki bila kazi.

Ni kweli aliwaficha watumwa waliotoroka?

Ushahidi umechimbuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaakiolojia walichimba nyuma ya nyumba na ofisi yake katika mtaa wa South Queen, Lancaster, wakakuta birika la chini ya ardhi la kuhifadhia maji ya mvua. Ukutani palikuwa na tundu lililokatwa kwa makusudi, la kumtosha mtu kujipenyeza, likielekea baa iliyokuwa jirani. Birika la maji halina haja ya mlango wa kuingilia baa.

Mahakamani pia alikuwepo. Septemba 1851, kijijini Christiana, mmiliki wa watumwa kutoka Maryland, Edward Gorsuch, aliuawa alipokuja na askari kuwakamata waliomtoroka. Serikali ikawashtaki zaidi ya watu 30 kwa uhaini, wa kwanza kusimama kizimbani akiwa Castner Hanway, mzungu aliyekataa kuwasaidia askari. Stevens alikuwa katika jopo la mawakili wa utetezi, lakini alimwachia mwenzake aongoze, kwa kuwa jina lake lingewachefua wazee wa baraza. Kesi ilisikilizwa Philadelphia, kwenye jengo lile lile lilikosainiwa tangazo la uhuru wa Marekani. Wazee wa baraza walikwenda kushauriana, wakarudi baada ya kama dakika 15: hana hatia.

Lydia Hamilton Smith alikuwa mke wake?

Stevens hakuoa kamwe. Lydia, mwanamke chotara aliyezaliwa Gettysburg, aliendesha nyumba yake kwa takriban miaka 20, Lancaster na Washington, na alikuwa kando ya kitanda alipofariki. Magazeti ya wapinzani yalimwita hawara. Majirani wengine walimwita mke kimyakimya. Kilicho wazi ni namna alivyoheshimiwa pale nyumbani. Wageni walimwita Bibi Smith, wakati ambapo mhudumu mweusi aliitwa kwa jina la kwanza tu. Baada ya 1868 alinunua nyumba ya Stevens na kuendesha biashara zake mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1884.

Alielewana na Lincoln?

Walihitajiana zaidi ya kupendana. Stevens alitaka watumwa waachiwe huru na wanaume weusi wapewe bunduki tangu vita vilipoanza. Lincoln alikuwa akipima upepo. Kuhusu majimbo yaliyoasi, Lincoln alitaka yarudi kwa masharti mepesi, Stevens akayaita nchi zilizotekwa vitani, ambazo Bunge lina haki ya kuzipangia upya.

Mzaha wake unaojulikana zaidi pia ulipitia kwa Lincoln. Aliulizwa kuhusu uaminifu wa Simon Cameron, mwanasiasa mwenzake wa Pennsylvania, akajibu kwamba hadhani kama Cameron anaweza kuiba jiko likiwa jekundu kwa moto. Cameron akadai aombwe radhi. Inasimuliwa kwamba Stevens alirudi kwa Lincoln akasema: nilikwambia hawezi kuiba jiko la moto, sasa naifuta kauli hiyo.

Marekebisho ya 14 ya katiba ni kazi yake?

Marekebisho hayo, yanayotaka kila mtu apewe ulinzi sawa wa sheria, ni kazi ya wengi, naye alikuwa mmoja wa manahodha. Aliongoza upande wa Baraza la Wawakilishi katika kamati ya pamoja iliyoyaandaa. Maneno ya ulinzi sawa wa sheria yalitoka hasa kwa John Bingham wa Ohio.

Yeye mwenyewe hakuridhika nayo. Alitaka haki ya kura itajwe waziwazi, akakosa wabunge wa kumuunga mkono. Tarehe 13 Juni 1866, kabla ya kura ya mwisho, alisimama akasema alikuwa na ndoto ya kuona taasisi zote za nchi zikijengwa upya bila ubaguzi wowote, na kwamba ndoto hiyo imeyeyuka. Kwa nini basi anakubali kitu pungufu? "Kwa sababu naishi kati ya watu, si kati ya malaika." Kura zikawa 120 kwa 32. Majimbo ya kutosha yaliridhia Julai 1868, na Stevens akafariki mwezi uliofuata.

Mwanangu alizaliwa Marekani. Uraia wake unatokana na Stevens?

Unatokana na Marekebisho ya 14, lakini sentensi hasa, ile inayosema kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia, iliongezwa Seneti na Jacob Howard wa Michigan. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia kutamka kwamba Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, ni raia. Ndiyo sentensi iliyowapa uraia watoto wa Watanzania, Wakenya na Wakongomani waliozaliwa Minneapolis au Dallas wakati wazazi wakiwa bado na viza ya masomo, na ndiyo iliyorudishwa mabishanoni mwaka 2025.

Na zile ekari 40 alizotaka wapewe waliotoka utumwani?

Hapa ndipo aliposhindwa kabisa. Septemba 1865, akihutubia Lancaster, alitoa hesabu yake kama mtu anayesoma daftari la duka: wamiliki wakubwa wapatao 70,000 waliounga mkono uasi wanashikilia ekari milioni 394. Zichukuliwe. Kila mwanamume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40, zinazobaki ziuzwe kulipa deni la vita na pensheni za wanajeshi. Aliona kwamba kura bila shamba ni kura inayonunuliwa na mwenye shamba. Wenzake wengi katika chama walikuwa tayari kwa kura, ila mali ya mtu binafsi waliiogopa kuigusa. Alijaribu tena mwaka 1867, akaambulia patupu.

Kwa nini alitaka kumng'oa Rais Andrew Johnson?

Johnson, wa Tennessee, aliyerithi kiti baada ya Lincoln kuuawa, alikuwa akiwarudishia waasi mashamba na madaraka, na kila sheria ya kuwalinda watu weusi aliipinga kwa kura ya turufu. Bunge likawa linampiku kwa theluthi mbili. Tarehe 24 Februari 1868 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki kwa kura 126 dhidi ya 47.

Stevens alikuwa kama maiti inayotembea, ila hata kutembea hakuwezi. Vijana wawili wenye nguvu walimbeba kwenye kiti kuingia na kutoka, naye akawauliza nani atambeba wao wakifa. Shtaka la 11 lilikuwa mkono wake, na ndilo lililopigiwa kura kwanza Seneti, tarehe 16 Mei. Zilihitajika kura 36 kumng'oa, zikapatikana 35, Johnson akabaki.

Mbona vitabu vya zamani vinamchora kama shetani?

Kwa sababu kwa miongo mingi historia ya kipindi kile iliandikwa na watu walioamini kwamba kuwapa weusi kura lilikuwa kosa. Filamu moja ya mwaka 1915, iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, ilimuumba mwanasiasa mchechemeaji mwenye wigi, na watazamaji walijua anasemwa nani. Kusema kweli, ulimi wake haukumsaidia. Alikuwa mkali, mwepesi wa kudhalilisha, na kinyongo alikitunza kama akiba.

Wigi lilikuwa la kweli?

La kweli, na lilikaa vibaya. Ugonjwa ulimnyonyoa nywele zote alipokuwa bado kijana. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja aliyempenda kwa siasa zake alimwomba kishungi cha nywele awe nacho kama kumbukumbu. Akavua wigi lote, akampa.

Amezikwa wapi?

Katika makaburi madogo ya Shreiner, Lancaster. Mwili wake ulilazwa kwanza chini ya kuba la Bunge, ukilindwa na askari weusi. Makaburi makubwa ya Lancaster yalikuwa na kanuni za kuwazuia watu weusi, naye akakataa kuzikwa humo. Jiwe lake linaeleza kwa maneno yake kwamba hakupachagua mahali pale kwa kupenda upweke. Makaburi mengine yalibagua, akataka aoneshe katika kifo chake kanuni aliyoitetea katika maisha marefu: usawa wa binadamu mbele ya Muumba.

Aliacha wosia gani?

Aliacha dola 500 kwa ajili ya kaburi la mama yake kule Peacham, ili kila masika mtunza makaburi apande mawaridi kwenye pembe zake nne. Lydia alipewa achague: dola 5,000 kwa mkupuo, au 500 kila mwaka.

Sehemu kubwa iliwekwa kwa ajili ya mpwa wake, Thaddeus mdogo, ambaye alimlea pamoja na mpwa mwingine, Alanson, aliyeuawa vitani Chickamauga mwaka 1863. Masharti yalikuwa ya kiwakili: akikaa miaka mitano bila kugusa pombe, apate robo, mitano mingine, robo nyingine, na hivyo hivyo. Ikishindikana, fedha zijenge nyumba ya yatima, wapokelewe wote bila kujali rangi, na wote wale meza moja. Mpwa alifariki mwaka 1874, na chupa ilikuwa imemshinda. Fedha zile ndizo zilizokuja kuanzisha shule ya ufundi mwaka 1905. Ipo mpaka leo Lancaster, kwa jina la Thaddeus Stevens College of Technology, na vijana wanajifunza humo useremala, uchomeleaji na umeme.